Aliyeshika Mpini

Asubuhi ile Msasa alifagia karakana mara tatu, na mara ya tatu hapakuwa na cha kufagia. Alizipanga tupa kwa ukubwa, akazipangua, akazipanga upya kwa ukali. Akajaza birika, akaliweka kwenye jiko la umeme, akasahau kuwasha. Kukaa hakai, kusimama hasimami, kama kuku anayetafuta pa kutagia. Wageni walikuwa waje saa nane mchana, na saa mbili ilikuwa haijagonga.

Mezani, karibu na dirisha, kulikuwa na sanduku la mbao lenye vitanda kumi na viwili vilivyochongwa ndani, na katika kila kitanda kililala kisu kimoja cha kukunja. Vyote alivitengeneza yeye, kuanzia bapa lenye makali mpaka ribiti ya mwisho iliyobana mpini. Mipini aliitoa kwenye ubao mmoja, akaikata kwa mfuatano, hivi kwamba ukivilaza ubavu kwa ubavu mstari wa mti unaanzia kisu namba moja na kwenda bila kukatika mpaka namba kumi na mbili. Ukikiondoa kimoja, pengo linaonekana hata na asiye na macho. Na namba saba kilikuwa kibovu. Alilijua hilo tangu jana alasiri, na hakumwambia mtu.

Jina la Msasa alipewa na mjomba wake, mwenye karakana, wiki ya kwanza alipokuja kujifunza kazi. Wengine husema ni kwa sababu alipenda kusugua chuma mpaka kioneshe uso wa mtu. Wanaomjua zaidi husema ni kwa sababu ya maneno yake, ambayo yalikwaruza. Miaka tisa ilipita, jina likabaki, hata mama yake mzazi akawa anamwita hivyo kwenye simu.

Ile haikuwa karakana ya visu vya jikoni. Mjomba alitengeneza visu vya kukunja kwa ajili ya watu wanaovikusanya, watu wanaoweza kukaa saa nzima na kisu mkononi bila kukata hata uzi. Ukimuuliza mgeni wa mambo, kisu ni makali. Wakusanyaji wanacheka wakisikia hivyo. Makali kila mtu anaweza kuyatia. Kinachowatoa watu nyumbani kwao ni kufuli: kile kitu kidogo kinacholizuia bapa lisirudi ghafla kwenye mpini, ambako ndiko vilipo vidole vyako.

Visu vingine havina kufuli kabisa, vina springi tu, na bapa linakaa wazi kwa heshima. Vingine vina pete shingoni, unaizungusha na bapa haliwezi tena kupita. Mjomba alikuwa mtu wa kufuli ya mgongo. Hapo kuna ufito mnene wa feleji, chuma kigumu, unaolala mgongoni mwa mpini, ukiwa na ndoano mwishoni. Ukifungua kisu, ndoano inaanguka kwenye kijishimo kilichochongwa kisiginoni mwa bapa, pale linapoingia kwenye mpini, kaa!, na kisu kinashika. Kukifunga, unabonyeza mgongo kwa kidole gumba, vidole vyote vikiwa mbali na makali. Ni kufuli ya mtu mwenye subira na mikono miwili.

Msasa alitaka kufuli ya ulimi. Hii ni bamba jembamba la chuma lililofichwa ndani ya mpini, limepindwa kidogo ili litamani kwenda upande. Kisu kikifunguka, ulimi unaruka na kusimama nyuma ya kisigino cha bapa, kama mtu aliyeegemeza gogo kwenye mlango usifunguliwe. Unafungua kwa mkono mmoja, unafunga kwa mkono huohuo. Ni nyepesi, ni nyembamba, na vijana wa siku hizi hawataki nyingine.

"Ulimi hauna mfupa," mjomba alikuwa akisema kila alipoonyeshwa michoro. "Wewe unataka uzuie bapa."

"Lakini unazuia, Mjomba. Pima mwenyewe."

"Unazuia leo. Kufuli ya mgongo ukiipiga, inazidi kujikaza. Ulimi ukiupiga, unafikiria kwanza."

Wakabishana hivyo kwa miaka. Yeye alisema mjomba ni mkaidi, mjomba alisema yeye ni mbishi, na wote wawili walikuwa sahihi. Mwishowe Daktari wa Meno, mkusanyaji ambaye neno lake lilisikilizwa na wenzake wote, akaagiza seti ya visu kumi na viwili vya kufuli ya ulimi. Mjomba akakuna kidevu, akasema: "Mimi siwezi kutengeneza kitu nisichokiamini. Atavitengeneza huyu. Na siku ya kuja kuvichukua, huyu ndiye atakayeshika."

Hapo ndipo moyo wa Msasa uliporuka, na tangu siku ile haukurudi mahali pake.

Maana kushika, katika karakana ile, kulikuwa ndiyo kila kitu. Kisu hakikutoka mlangoni bila kushikwa. Vikiwa seti, mnunuzi huchagua kimoja, chochote, kwa mkono wake, na hicho kinasimama kwa vyote. Aliyekitengeneza anakifungua na kukishika kama mtu anavyoshika kisu, vidole vitupu vikiwa njiani mwa bapa. Mtu wa pili anachukua nyundo ya mti na kulipiga bapa mgongoni, mara tatu, kwa nguvu. Kufuli ikiwa nzuri, hakuna kinachotokea. Ikiwa mbaya, bapa linakunjika, na fundi anakwenda hospitali na vidole vyake kwenye kitambaa. Baada ya mapigo matatu, aliyeshika anagonga alama yake kwenye bapa. Asiyeshika hana alama.

Kwa miaka tisa mjomba alishika na Msasa alipiga. Visu vingi alivitengeneza yeye nusu, na vingine robo tatu, lakini mpini ulikuwa mkononi mwa mjomba na alama ilikuwa ya mjomba. Siku za mwanzo alipiga kwa woga, mjomba akamfokea mbele ya watu: "Unampapasa nani? Piga!" Akajifunza. Nyundo inapanda mpaka usawa wa sikio, inashuka na bega lote. Uzito wa pigo lile aliujua kama anavyoujua mlango wa kwao.

Sasa rudi kwenye namba saba. Ulimi wa kisu kile uling'ang'ania. Ulikuwa unasimama vizuri nyuma ya kisigino, lakini ukitaka kukifunga hauachii mpaka uusukume kwa ukucha. Kisu cha namna hiyo hakimpendezi mkusanyaji. Msasa akakitia kisigino kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, akakisugua kwa tupa mara mbili, kidogo tu, kuongeza mteremko. Kisha akapaka risasi ya penseli pale vyuma vinapokutana, ujanja ambao kila mkusanyaji anaujua na hakuna fundi anayeukiri. Kisu kikawa kitamu mkononi. Akakifungua, akakigonga mgongo kwenye kiganja chake, akihesabu. Kilishika mara kumi na tisa. Mara ya ishirini ulimi ukateleza, bapa likaja.

Aliifuta penseli, akagonga tena. Kikateleza tena. Kosa halikuwa penseli. Kosa lilikuwa zile mara mbili za tupa: mteremko umezidi, na gogo lililoegemezwa vibaya mlangoni husukumwa na mtoto. Chuma ukishakiondoa hakirudi. Kutengeneza bapa jipya, pamoja na kulichoma na kulipoza, ni siku nne, naye alikuwa na usiku mmoja na asubuhi moja. Akapaka penseli tena, angalau kifunguke vizuri, akakirudisha kitandani mwake katikati ya sita na nane, akafunga sanduku.

Angeweza kumwambia mjomba. Neno moja tu, na sanduku lingengoja wiki. Lakini neno lenyewe lilikuwa lipi? Kwamba ulimi hauna mfupa? Miaka tisa ya mabishano, aje alimeze mwenyewe siku moja kabla ya kushika? Koo halikukubali. Akapiga hesabu ya mtu mwenye hofu: visu ni kumi na viwili, atachagua kimoja. Na hata akichagua hicho, kinashika mara kumi na tisa katika ishirini. Hesabu ilikuwa nzuri. Usingizi ndio haukuiamini.

Saa tatu mjomba alifika, akavua koti, akabeba sanduku mpaka mlangoni kwenye mwanga. Ndiyo kawaida yake, kukagua kabla wageni hawajaja. Msasa alisimama kwenye jiliwa akijifanya anasafisha taya zake. Mjomba alichukua namba moja, akafungua, akafunga, akairudisha. Mbili. Tatu. Alikwenda bila haraka, kama mtu anayechambua mchele. Alipofika saba, Msasa aliacha kusugua. Mjomba alifungua, akafunga. Akafungua tena. Akakaa nacho kidogo, akakirudisha, akachukua nane.

"Vimetulia," alisema alipomaliza.

Ni hayo tu. Msasa alitegemea kufurahi, na kweli alipata nafuu, lakini chini ya nafuu ile kulikuwa na hasira ndogo. Mzee aliyekuwa akisikia unywele kwenye ribiti leo hakusikia kitu? Amezeeka lini?

Simu ililia. Alikuwa mama yake.

"Umekula?"

"Nimekula, Mama."

"Uongo. Nasikia tumbo lako mpaka huku. Kaka yangu yupo?"

"Yupo."

"Mwambie akupe nafasi yako leo. Mwambie nimesema mimi, dada yake mkubwa."

"Amenipa tayari."

"Basi mbona sauti yako kama ya mtu aliyepoteza ufunguo?"

Msasa alisema mtandao ni mbaya, akakata. Kisha akafagia mara ya nne.

Wageni walifika wakati wao, watano. Mbele alikuwa Daktari wa Meno mwenyewe, mwanamke mrefu aliyestaafu kung'oa meno ya watu lakini hakuacha kuwatazama mdomoni wanapoongea. Nyuma yake Kinyozi, mtu wa kelele, mwenye kisu chake cha kufuli ya ulimi mkononi, ambacho hakuwa na uwezo wa kukiacha kitulie. Alikifungua, akakifunga, akakifungua. Klik, klak. Klik, klak. Alisalimia huku anakifungua, akakaa huku anakifunga. Watatu waliobaki walikuwa wanaokuja kutazama, kila kundi lina wao.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, Msasa. Ndiyo siku yako?"

"Ndiyo, Daktari."

"Una mikono mizuri. Usiiharibu."

Watu wakacheka. Msasa naye alicheka, sekunde moja baada ya wenzake.

Daktari alilisogeza sanduku mbele yake na kulitazama muda mrefu. Alifuata ule mstari wa mti kwa kidole, kutoka namba moja hadi kumi na mbili, kama anahesabu magego.

"Halina pengo," alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha ya kweli. "Unajua, Fundi, nyumbani nina kufuli za pete, nina za mgongo, nina za kitufe. Za ulimi nilizikataa miaka mingi. Nilisema bamba jembamba vile halinihusu. Nimeagiza hizi kwa sababu zimetoka hapa. Nikiona mtu ameweka vidole vyake, mimi nalala."

"Ndivyo," alisema mjomba.

Klik, klak, alijibu Kinyozi.

"Haya, chagua," mjomba akasema.

Mkono wa Daktari ulipita juu ya visu. Ulisimama kwenye nne. Alikitoa, akakigeuza kwenye mwanga, na Msasa akahisi jasho likimtoka kwa shukrani. Kisha Daktari akakirudisha. "Hiki kina aibu," alisema, hakuna aliyejua ana maana gani. Mkono ukasogea. Tano. Sita. Saba kilikuwa na jicho la mti katikati ya mpini, duara la kahawia lililozungukwa na weusi, kizuri kuliko vyote. Kwa kweli ndicho angekichagua mtu yeyote mwenye macho, na Msasa katika hesabu zake zote hakulikumbuka hilo.

"Hiki kinanitazama," Daktari akasema, akampa.

Kisu hakikuwa na uzito wowote. Msasa alikifungua, ulimi ukaruka ukasimama nyuma ya kisigino. Akakishika, vidole vinne chini, gumba juu. Wakati wa kusema ulikuwa huu. Aliufungua mdomo. Aliona nyuso tano zikimtazama kwa namna ambayo hazikuwahi kumtazama alipokuwa na nyundo. Aliyeshika nyundo hatazamwi na mtu. Akaufunga mdomo. Kumi na tisa katika ishirini, akajiambia, na akanyoosha mkono juu ya meza.

Mjomba alichukua nyundo ya mti. Kinyozi akaacha kuchezea kisu chake.

Pigo la kwanza lilishuka. Bapa lilitetemeka, likakaa. Msasa alisikia kelele yake, na kelele ilikuwa kubwa ya kutosha, ila mkononi hakusikia kitu. Alidhani ni woga umemtia ganzi.

Pigo la pili. Nyundo ilipanda mpaka usawa wa sikio kama kawaida, ikashuka kwa kasi, na palepale karibu na chuma mkono uleule wa mjomba ukaizuia. Ilitua. Mtu mwingine yeyote angeapa kwamba amepiga. Wageni walikuwa wakimtazama Msasa na vidole vyake, na hata wangeitazama nyundo, wangejua nini? Uzito wa pigo lile waliujua watu wawili tu duniani, na mmoja wao alikuwa amelibeba begani kwa miaka tisa.

Pigo la tatu lilikuwa kama la pili. Msasa alimtazama mjomba wake usoni. Mjomba alikuwa anatazama kichwa cha nyundo.

"Safi!" Kinyozi alipiga makofi, na wengine wakafuata. Daktari alimshika Msasa bega. "Gonga alama yako, binti. Umengoja sana."

Alama yenyewe ilikuwa tayari kwenye meza, kijichuma kifupi ambacho alikichonga mwenyewe miaka minne iliyopita na kukificha kwenye soksi. Alikuwa ameota kukigonga mara nyingi hata akajua kitakavyolia. Sasa alikitazama, asikiguse. Alichokuwa amepewa ni nini? Si kushika. Ameshikishwa, kama mtoto anayeshikishwa usukani gari likiwa limezimwa. Na huyu mtu, ambaye alimfokea mbele ya wageni eti anapapasa, leo amepapasa mbele ya wageni, kwa ajili yake.

"Mjomba," alisema. "Piga tena."

"Mapigo ni matatu."

"Piga tena, kama ninavyokupigia mimi."

"Msasa." Sauti ya mjomba ilikuwa chini. "Gonga alama, mama. Imekwisha."

Hakuigonga. Aligeuka, akakibana kisu kwenye jiliwa, mpini kati ya taya, bapa likiwa wazi hewani. Akaunyoosha mkono kwa mjomba, na mjomba, baada ya kukawia, akamwachia nyundo. Msasa aliipandisha mpaka usawa wa sikio, akaishusha na bega lote.

Kisu kilishika.

Lo, angeweza kuishia hapo. Wageni walikuwa tayari wanatabasamu, Kinyozi amefungua mdomo kusema neno. Ilikuwa kama mlango umefunguliwa mara ya pili, na kila kiungo cha mwili wake kilitaka kupita. Alipiga tena. Ulimi uliteleza, bapa likaanguka kwenye mpini, tap, mahali ambapo dakika moja kabla vilikuwapo vidole vyake.

Kinyozi alikitia kisu chake mfukoni, taratibu, kikiwa kimefungwa.

"Nilikijua tangu jana," Msasa akasema. "Nilizidisha mteremko wa kisigino. Nikanyamaza. Kosa ni langu."

Daktari hakumtazama yeye. Alimtazama mjomba.

"Na wewe, Fundi? Ulijua?"

Msasa aliomba mjomba aseme hapana. Aliomba kwa moyo wote, na alijua hatasema.

"Nilijua asubuhi," mjomba akajibu. "Kilifunguka laini mno. Chuma kipya hakifunguki hivyo."

"Ndiyo maana ukapiga vile."

"Ndiyo maana."

Daktari aliketi kidogo, mikono juu ya sanduku. Hakuonekana ana hasira. Alionekana kama mtu anayehesabu nyuma, miaka na visu, akijiuliza ni vingapi.

"Vile vya nyumbani kwangu vilivyotoka hapa," alisema mwishowe. "Vya mgongo. Vilipigwa?"

"Vilipigwa," Msasa akadakia. "Nilipiga mimi, Daktari. Kila kimoja. Naapa."

"Nakuamini wewe." Akafunga kifuniko cha sanduku na kulisukuma kwao. "Lakini mimi sikuwa nanunua visu, Fundi. Visu vipo kila mahali. Nilikuwa nanunua lile pigo."

Akachukua mkoba wake. Wengine wakamfuata, wakiaga kwa sauti za msibani. Kinyozi alitoka wa mwisho, mkono mfukoni.

Karakana ikabaki na watu wawili. Mjomba aliketi kwenye kigoda chake, akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Msasa hakujua aweke wapi mikono. Alitembea mpaka dirishani, akarudi, akatembea tena.

"Ungenyamaza tu," mjomba akasema. "Ningekipeleka pembeni baadaye, ningesema kimepata mkwaruzo. Siku nne tungekuwa na bapa jipya. Nani angejua?"

"Mimi."

"Wewe! Wewe ndiye uliyenyamaza tangu jana."

"Ndiyo. Na nilikuwa nimekosea. Sasa tumekuwa wawili."

Mjomba alicheka, kicheko kifupi kisicho na raha. "Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mama yako ananiambia kila mwaka: kaka, unamkalia mtoto. Kisu cha kwanza ulichokitengeneza kizima nilikishika mimi, unakumbuka? Mwaka wa tatu ule. Kilikuwa chako. Nikagonga alama yangu nikajiambia mwaka kesho. Ikawa mwaka kesho, mwaka kesho. Leo nikafungua kile kisu nikasikia kilivyo, nikasema: nimemchelewesha miaka sita, nimkwamishe tena kwa mteremko wa nusu unywele?"

"Ungeniambia."

"Na wewe ungeniambia."

Nje kulikuwa na mtu anavuta mkokoteni wenye gurudumu linalolia, akapita, akaenda. Msasa alifungua sanduku. Akakitoa namba moja, akakifungua. Ulimi ukaruka ukasimama. Akaja mbele ya mjomba, akanyoosha mkono juu ya meza, vidole vinne chini, gumba juu.

"Unafanya nini?"

"Nashika."

"Wameondoka. Nani wa kuona?"

"Piga, Mjomba."

"Acha utoto."

"Kuna visu kumi na kimoja hapa ambavyo havijapigwa. Sitakaa navyo nyumba moja sijui vikoje. Piga, na usinipapase."

Mjomba alimtazama muda mrefu. Akainuka. Akashika nyundo ya mti kwa mkono uliokuwa umeizoea kidogo tu, maana kwa miaka yote mkono wake ulikuwa upande wa pili. Msasa aliogopa. Aliogopa zaidi ya aliposhika mbele ya wageni, kwa sababu sasa alijua kwamba pigo litakuja. Alitaka kufumba macho, hakufumba.

Nyundo ilipanda mpaka usawa wa sikio, ikashuka na bega lote.

Maumivu yalianzia kwenye kiganja, yakapita kiwiko, yakafika mpaka kwenye meno. Meza iliruka. Kisu kilishika. Pigo la pili lilipokuja mkono ulikuwa tayari hauna hisia, na la tatu likaurudishia hisia zote kwa mpigo mmoja. Msasa aliona vidole vyake vinne, vyote, vimekuwa vyekundu. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Ndivyo nilivyokuwa nakupiga?" aliuliza alipoweza. "Miaka yote?"

"Ndivyo."

"Hukusema hata siku moja."

"Ningesema," mjomba alijibu, "ungepunguza."

Msasa aliukunja na kuukunjua mkono mara mbili tatu. Kisha akachukua namba mbili.